Ng'ombe wa Dada Yangu na Watoto Wake

Mimi ni mwalimu wa kujitolea, nafundisha hesabu P4 na P5. Kawaida nikipewa nafasi kwenye ukurasa huu naandika habari za mitihani na watoto watoro. Mwezi huu naomba niandike ya nyumbani kwetu. Dada yangu amenipa ruhusa, ila amesema nisitaje majina, na sitayataja.

Sababu ni hii. Juzi nilikuwa kisimani na mtungi wangu, mama mmoja ambaye mwanawe yuko darasani kwangu akanisogelea. Akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, eti ni kweli mwanamke akitaka kuachana na mume, watu wake lazima kwanza warudishe ng'ombe, ndiyo apate watoto?" Nikamwambia si kweli. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Na wewe kijana ambaye hujaoa, umejuaje?"

Wale waliokuwa kwenye foleni walicheka, na mimi nikacheka. Lakini jibu lake halikutosha pale kwenye foleni ya maji.

Wengi hapa Kiryandongo mnatujua. Sisi ni wa upande wa Mlima Elgon, Kenya. Mwaka 2008, wakati wa ile fujo ya baada ya uchaguzi, tulivuka mpaka tukapokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye tukaletwa hapa. Mimi nilikuwa na miaka 8, dada yangu 15. Baba hatukuvuka naye. Aliyesimama mahali pake ni baba mdogo, na mpaka leo ndiye anayeamua mambo yetu.

Mwaka 2014 dada aliolewa. Mume ni mtu wa Mbale, lakini kazi yake iko Jinja. Hatukuona ugeni mkubwa, kwa sababu Wagisu na Wabukusu ni watu wa mlima mmoja, lugha zinasikilizana. Wazee wakakaa, wakakubaliana ng'ombe wanne na mbuzi watatu. Vilitolewa vyote, sitaki kumsingizia mtu. Dada akaenda Jinja, wakapanga nyumba Walukuba, wakapata mtoto wa kike, kisha wa kiume.

Sasa hao ng'ombe. Mmoja alikufa kwa ugonjwa. Mmoja aliliwa kwenye matanga ya babu. Wawili waliobaki baba mdogo aliwauza, mmoja nilipoingia sekondari, mwingine nikiwa katikati. Mimi nilisoma mpaka sinia ya nne, ile ambayo kwetu Kenya tulikuwa tunaita fomu foo, kwa karo iliyotoka kwa dada yangu. Shikeni hiyo, kwa sababu ndiyo iliyonifunga mdomo baadaye.

Mwaka 2023 ndoa iliharibika. Yaliyotokea ndani siyaandiki hapa. Usiku mmoja dada alitoka na nguo alizovaa, akalala kwa rafiki yake Masese, karibu na pale samaki wanaposhukia. Aliporudi asubuhi, mlango ulikuwa na kufuli mpya na watoto hawapo. Shemeji alikuwa amewapeleka kwa mama yake, kijijini nje ya Mbale. Alipopigiwa simu alisema maneno mafupi: "Wewe umekimbia nyumba. Rudisheni ng'ombe zangu, ndipo tuongee habari ya watoto."

Simu ilikuja kwetu jioni. Baba mdogo akaita kikao chini ya mwembe. Hakuna mtu aliyeuliza kama jambo hilo ni sheria. Sote tulijua ni sheria, vile mtu anavyojua kwamba mvua inatoka juu. Hesabu ikapigwa: ng'ombe mmoja siku hizi ni zaidi ya milioni, zidisha mara nne, ongeza mbuzi. Huyu atoe posho yake, yule auze mahindi, mwingine aandikie jamaa aliyeko Nairobi. Nikaandika majina kwenye daftari kwa sababu mimi ndiye mwalimu.

Mama yangu hakusema kitu kikao chote. Mwisho baba mdogo akauliza, kwa hasira kidogo, hao ng'ombe kwani wako wapi hasa. Mama akanionyesha kwa kidole. "Si huyo hapo. Anafundisha hesabu."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Usiku ule nilimpigia dada nikamwambia, vumilia, tunatafuta ng'ombe. Nilimwambia hivyo Machi, nikamwambia tena Aprili, Mei, Juni. Miezi minne watoto walikaa bila kumwona mama yao, na msichana alikaa muhula mzima bila kusoma kwa sababu hakuna aliyepeleka barua ya uhamisho kutoka shule ya Jinja. Mtu aliyekuwa akimwambia dada avumilie ni mimi.

Mwezi wa saba walimu tuliitwa kwenye semina ya siku mbili, mambo ya ulinzi wa mtoto. Mnazijua semina hizo: chai, mandazi, karatasi kubwa ukutani. Siku ya pili alikuja mwanasheria mmoja mwanamke, wa msaada wa sheria wa bure. Alianza na habari ya Tororo, nami nikainua kichwa, maana Tororo ndiyo iliyotupokea.

Alieleza hivi. Kuna shirika linaitwa MIFUMI, jina la kijiji hukohuko Tororo ambako lilianzia. Walichoka kuona wanawake wanapigwa na hawawezi kutoka, kwa sababu kila wakikimbilia kwa wazazi wanarudishwa: ng'ombe tumeshakula, rudi kwa mumeo. Mwaka 2007 wakapeleka kesi Korti ya Katiba. Mwaka 2010 wakashindwa. Wakakata rufaa, na tarehe 6 Agosti 2015 Korti Kuu ya mwisho ya Uganda, ile wanayoita Supreme Court, ikatoa uamuzi. Mahari yenyewe haikukatazwa. Watu wakikubaliana kwa hiari, watoe na wapokee, ni desturi yao. Lakini kusema kwamba ndoa ya kimila haiwezi kuvunjika mpaka mahari irudishwe, hiyo ni kinyume cha Katiba. Majaji waliona kwamba inamshusha mwanamke, na inawafanya wazazi wasio na kitu wamsukume binti yao arudi kwenye mateso.

Yaani mwaka 2023 sisi tulikuwa chini ya mwembe tunachanga deni ambalo korti ilishalifuta miaka 8 nyuma, kwa kesi iliyotoka wilaya ileile tuliyolala kwenye mahema yake.

Wakati wa maswali niliinua mkono nikauliza "kwa niaba ya rafiki yangu". Nadhani hakudanganyika. Alinijibu polepole, na jibu lake ndilo ninalotaka mama wa kisimani alisome. Alisema sisi watu tunafunga mambo matatu kwa kamba moja: ng'ombe, ndoa, na watoto. Sheria inayatenganisha. Ng'ombe ni mazungumzo ya wazee. Ndoa ina sheria zake. Na watoto wana sheria yao peke yao, Sheria ya Watoto, iliyoanza 1997 na kurekebishwa 2016, na hiyo haimngojei mtu yeyote amalize ugomvi wake.

Kwa ndoa nitapita haraka, kwa sababu ziko za namna nyingi na kila moja ina njia yake: ya kanisani au ya serikali, ya Kiislamu, ya kimila. Iliyofungwa kanisani au kwa serikali inavunjwa na korti, si na kikao cha wazee wala na barua ya mume. Zamani mume alitosha kusema mke amezini, lakini mke ilibidi aonyeshe uzinzi na kosa lingine juu yake. Chama cha wanawake wanasheria, FIDA Uganda, kilipeleka jambo hilo Korti ya Katiba, na Machi 2004 ikaamuliwa kwamba sababu ni sawa kwa wote wawili. Kwetu wakimbizi kuna jambo la ziada. Korti ya talaka inataka anayeomba awe makazi yake ya kudumu kisheria yako Uganda, kwa hiyo kama mlifunga ndoa Congo, Sudan au Kenya, muulizeni mwanasheria kabla ya kutumia nauli. Ndoa yenu ya kule haikufutika kwa kuvuka mpaka, Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unataka haki zinazotokana nayo ziheshimiwe. Na wale tunaoishi pamoja bila kitu, miaka 2 au miaka 20, hapa Uganda hiyo haigeuki ndoa kwa kuhesabu miaka.

Lakini mtoto! Hapo ndipo niliacha kuandika nikasikiliza. Mtoto ni mtu yeyote chini ya miaka 18, na wazazi wote wawili wana wajibu wa kumtunza, wawe wamefunga ndoa au hawajafunga. Chakula, nguo, shule, matibabu, mahali pa kulala. Anayeishi na mtoto, awe mama, baba au mlezi, anaweza kuomba korti iamuru mzazi mwingine atoe matunzo kila mwezi. Anaweza kuomba wakiwa bado kwenye ndoa, wakiwa wametengana, au kesi ya talaka ikiendelea. Hakuna kungojea talaka. Hakimu anaangalia uwezo wa baba na uwezo wa mama, kisha anakata kiasi. Asipolipa, korti inaweza kukata kwenye mshahara wake au kukamata mali yake.

Na kuhusu nani akae na mtoto, kuna maneno tunayoyasikia kila siku: mtoto ni wa ukoo wa baba, mtoto akifika miaka 7 anakwenda kwa baba, mwanamke aliyetoka usiku amewatupa watoto. Korti haianzi na maneno hayo. Inaanza na faida ya mtoto mwenyewe: umri wake, mahitaji yake, mwenyewe anataka nini kama ana akili ya kusema, mabadiliko yatamfanya nini, ameumizwa au yuko hatarini, na mzazi yupi anaweza kumtunza.

Nililisikia hilo la mwisho kama ushindi wetu. Baadaye nilijifunza kwamba linakata pande zote mbili.

Wiki iliyofuata nilichukua basi Bweyale mpaka Kampala, nikashika teksi ya Jinja, tukapita msitu wa Mabira na lile daraja jipya la Nile la 2018. Pesa ya nauli nilitoa kwenye mchango wa ng'ombe. Baba mdogo alijua baada ya siku mbili, na tulikosana, sitaficha.

Dada alikuwa amekonda. Alikuwa anauza mukene, ndiyo omena ya kwetu, kwenye beseni barabarani. Tulianza kwa mwenyekiti wa LC1 wa mtaa, kwa maana sheria inawapa viongozi wa mtaa kazi ya kusikiliza habari za mtoto asiyetunzwa, na kuna katibu wa watoto kwenye kamati. Mwenyekiti alikuwa mzee mpole lakini swali lake la kwanza lilikuwa: "Ng'ombe mlirudisha?" Nikamweleza ya 2015. Akasema hajasikia. Kisha akaandika barua ya kumwita shemeji, na shemeji hakuja. Akaandika ya pili. Hakuja. Basi akatuandikia ya tatu, ya kutupeleka kwa ofisa wa probesheni, yule wa ustawi wa jamii, ambaye kila wilaya na kila jiji linaye. Barua hizo mbili ambazo hazikujibiwa zilitusaidia sana. Usiseme zimepotea bure. Zihifadhi.

Kwa ofisa, shemeji alikuja, na mjomba wake. Wakaanza na ng'ombe. Madamu akawasikiliza mpaka mwisho, akafunga jambo hilo kwa sentensi moja, akafungua faili. Mjomba akasema, watoto hawa ni raia wa Uganda, huyu mwanamke ni mkimbizi, atawapeleka kambini wapoteze nchi yao. Hilo lilinitia baridi kweli. Lakini Madamu alijibu kwamba uraia wa mtoto aliyezaliwa na baba Mganda haupotei kwa kulala nyumba ya mama yake. Akaongeza kwamba mkimbizi ana ruhusa ya kwenda korti za Uganda kama mtu mwingine, na Sheria ya Watoto haisomi kadi ya mama.

Halafu akamgeukia dada. "Wewe unalala wapi?"

Dada akasema ukweli. Chumba kimoja Masese, cha rafiki, watu wanne, godoro moja. Madamu akaandika. "Watoto wakija leo, watalala wapi? Watasoma wapi?" Dada akanyamaza. Mimi nilitaka kuingilia, nikasema yeye ndiye aliyefukuzwa, ndiye aliyekosewa. Madamu akaniambia, "Mwalimu, mimi siulizi nani amekosewa. Ninauliza mtoto atalala wapi."

Nilichukia siku ile. Leo naona aliuliza swali ambalo mimi kwa miezi minne sikuwahi kuliuliza. Nilikuwa nahesabu ng'ombe.

Hayakuisha pale. Yalikwenda mpaka korti ya familia na watoto, ambayo msichome moyo kwa jina, ni chumba kidogo cha hakimu na hakina umati. Tuliitwa mara tatu, mara moja hakimu hakuwepo na nauli ikaenda hivyohivyo. Wakati huo dada alihama akapanga chumba chake, na pesa ya kuanzia ilikuwa ule mchango wa ng'ombe uliobaki. Mama alisimama mbele ya baba mdogo akautoa. Mwanzo wa 2024 amri ikatoka, kwa makubaliano ya wote wawili. Mvulana aje kwa mama mara moja. Msichana, ambaye alikuwa ameshaingizwa shule ya Mbale na alimwambia hakimu mwenyewe kwamba anataka kumaliza darasa lile, abaki kwa bibi yake mpaka mwisho wa mwaka, kisha aje. Baba atoe shilingi 100,000 kila mwezi na karo ya wote wawili. Likizo wagawane.

Dada alilia kwa ajili ya msichana. Alikuwa anataka wote siku ileile. Na lazima niseme bibi yule wa Mbale aliwalea vizuri; tulipokwenda kumwona msichana alituchinjia kuku, akamwambia dada, "Mimi sikukudai ng'ombe." Mambo ya watu hayaandikiki kwa rangi moja.

Je, analipa? Alilipa miezi mitatu. Wa nne akaruka, wa tano akaruka. Dada akarudi kortini na simu yake, kwa sababu tulikubaliana pesa ipite kwa mobail mani tu, si mkononi, ili kila shilingi iache alama. Baada ya kuitwa alilipa. Sasa anachelewa lakini hulipa. Msichana alikuja Jinja Desemba kama ilivyoandikwa, na likizo iliyopita walikuja huku kambini wote wawili. Aliniuliza kama ni kweli mimi ni ng'ombe. Sijui nani alimwambia. Nikamwambia ndiyo, nusu ya kundi.

Talaka yenyewe bado. Dada anasema hana haraka nayo, kile alichokuwa anakihitaji amekipata. Na baba mdogo bado anaweka pesa kidogokidogo kwenye bati lake. Nilipomsomea uamuzi wa 2015 alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Sheria ni ya serikali. Aibu ni yangu." Anataka siku moja arudishe japo ndama, kwa hiari yake. Sijui kama ni busara, lakini hakuna anayemlazimisha, na hakuna mtoto aliyefungwa kwenye kamba ya huyo ndama.

Kwa yule mama wa kisimani: kama unapigwa, usianze na haya yote, anza na polisi na hospitali, sheria ya 2010 ya ugomvi wa nyumbani inakulinda. Kama shida ni matunzo, anzia kwa RWC wa bloku yako au ofisi ya ulinzi wa watoto, nao wakuandikie kwa ofisa wa probesheni wa wilaya. Jumatano mchana sina kipindi, nitakusindikiza. Beba karatasi ya familia, kadi ya kliniki ya mtoto au ya ubatizo, na kama kuna ujumbe wa simu ambao baba aliahidi kitu, usiufute. Akina baba pia, msidhani haya si yenu. Wako wawili hapa kambini wanaolea peke yao na mama yuko mjini anafanya kazi. Sheria ile inawahusu vilevile, nao wakitaka Jumatano nitawapeleka.